Ndani ya Kuku wa Tereza

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la mianzi kule Ntoto, kwenye matanga ya Papa Matayo, nikasikiliza watu wakimsifu mpaka taya zikaniuma kwa kuzibana. Katekista alisema marehemu alikuwa mtu wa kufunga kinywa, kwamba neno asilolijua halikumtoka kamwe. Wajukuu waliitikia, wanawake waliguna kwa heshima, na mimi, kikongwe mwenye fimbo, nilitazama miguu yangu. Ni kweli, neno asilolijua halikumtoka. Lakini hata lile alilolijua halikumtoka, na kwa ajili hiyo dada yangu alifukuzwa kwake. Nilikuwa nimekwenda kwa sababu mjukuu wangu ameolewa katika ukoo ule, na mtu hakosi matanga ya wakwe. Nikala, nikatoa pole, nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira ambayo nilidhani imeshazeeka pamoja nami. Haijazeeka hata kidogo. Basi niiandike, nipumue.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimetoka kufanya kazi Kirolirwe, kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mmoja, nikitunza kuku wa mke wake. Madamu yule alikuwa mwepesi wa kofi na mchafu wa ulimi, na simsifu kwa lolote isipokuwa moja: kuku wake hakufa bure. Kila aliyekufa alilazwa juu ya meza nyuma ya jiko, Madamu akampasua mwenyewe, na mimi nikashika miguu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuku jike ana kishada cha viini upande wa kushoto wa mgongo, vidogo kwa vikubwa vimebanana kama chikichi changa. Kiini kikiiva kinaingia katika mrija, na humo kinavishwa ute, kisha ganda. Lakini mara nyingine kinakosa njia, kinaangukia tumboni na kuozea humo, na kuku anatembea na uozo huo wiki nzima, hata mwezi, kabla hajaanguka. Nilijifunza hayo bila mtu kunifundisha. Siku Madamu aliponipiga kofi kwa ajili ya beseni lililopasuliwa na mtu mwingine, nilifunga kitenge changu, nikaondoka bila kuaga. Wakati huohuo dada yangu Tereza alikuwa amenitumia habari kutoka Ntoto kwamba nije kukaa naye. Aliolewa huko na mwanamume aliyeitwa Visenti, mwaka wa nne sasa, na hakuwa amepata mtoto. Habari ilisema tu: njoo, nimechoka kukaa peke yangu na watu wengi.

Nilielewa maneno hayo nilipofika. Nyumba ya Tereza ilikuwa na chumba kimoja na jiko la pembeni, kuta za matete yaliyopakwa udongo, na moshi uliokwama chini ya majani ya paa mpaka macho yakazoea. Hatua ishirini kutoka hapo palikuwa na jiko la mama mkwe wake, Mama Visenti, na mbele ya majiko yote mawili ilisimama barza, kibanda kisicho na ukuta ambamo wanaume walikaa, walikula na kuamua. Tulikula ndizi za kuchemsha, sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa, na mawese, uyoga wakati wake, samaki wadogo wa mtoni. Kuku tuliwapika, lakini hatukuwala. Huo ulikuwa mwiko wa kule: mwanamke hali kuku wala yai, akila tumbo lake litafungwa. Wanawake walifuga, walilisha, walifukuza mwewe, walitengeneza vikapu vya kutagia. Mgeni akija, au mzungu wa serikali akipita na watu wake, Papa Matayo, kaka mkubwa wa Visenti, alimchukua kuku, akamchinja nyuma ya barza, akamnyonyoa, akampasua, akatupia mbwa matumbo, na nyama ikaletwa jikoni imeshakatwa vipande. Tuliipika bila kuonja hata chumvi. Wiki ya kwanza nilicheka jambo hilo. Wiki ya pili nilianza kuliona lilivyo: wenye kuwatunza kuku hawajawahi kuona ndani yao, na wenye kuona ndani yao hawajawahi kuwatunza. Nimeishi sana tangu hapo, nimeona ujinga wa kila namna, na bado sijaona uliopangwa vizuri kuliko ule.

Tereza alikuwa na kuku saba na jogoo mmoja. Siku moja asubuhi nilimkuta mmoja wao, mweusi mdogo, amesimama wima kama mtu aliyebeba kuni, mkia chini, macho nusu. Aliingia kwenye kikapu, akatoka, akaingia tena, akajikaza bila kutoa kitu. Tereza alisema amerogwa, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema hivyo. Nilimwambia achemshe maji. Nikamshika kuku chini ya bawa langu la kushoto, maana ndivyo tulivyouita mkono wa kubebea kuku, nikampapasa tumbo taratibu kutoka kifuani kwenda nyuma, nikakuta kitu kigumu cha duara karibu na tundu la kutagia. Yai lilikuwa limekwama. Tulichanganya maji ya moto na ya baridi kwenye beseni mpaka kiwiko changu kikavumilia, tukatia chumvi kidogo, tukamkalisha humo, maji mpaka tumboni, muda wa kutosha kumenya mkungu mdogo wa ndizi. Alipambana kwanza, kisha akalegea kama mtoto anayeogeshwa. Nikapaka kidole mawese yaliyopashwa vuguvugu, nikapaka tundu nje na ndani kidogo. Sikukamua. Nilimwona Madamu akikamua mara moja, yai likavunjika ndani, na kuku akafa siku ya tatu. Tukamfuta, tukamweka ndani ya kikapu chenye majani makavu karibu na jiko, tukafunika na kitambaa apate giza. Kabla jua halijafika katikati, tulisikia anaita. Yai lilikuwa ndani ya majani, lina alama ya damu, zima. Tereza alilishika kwa mikono miwili akacheka, na ndipo nilipogundua kwamba tangu nifike sikuwa nimemsikia akicheka.

Mama Visenti aliona yote kutoka mlangoni kwake. Hakuwa mwanamke mbaya, nalisema sasa kwa shida. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye mgongo ulioinama kwa mizigo, na aliogopa wanawe wa kiume kuliko alivyoogopa Mungu. Alinijia akaniuliza, "Feza, umetia kidole ndani ya kuku?" Nikamwambia ndiyo, Mama, na yai limetoka. Akanitazama mkono. "Nawa," akasema, "na usishike chungu yangu mupaka kesho." Lakini siku iliyofuata aliuliza kwa nini mayai yanakwama, na nikamwonyesha jinsi ya kuokota maganda ya konokono wakubwa wa msituni, kuyachoma, kuyaponda na kuwapa kuku ili mayai yao yapate ganda gumu. Aliyaponda bila kuniambia asante. Mwezi uliofuata kuku mwingine alitokeza nyama nyekundu nyuma baada ya kutaga yai kubwa mno, na wenzake wakaanza kumdonoa. Tulimtenga, tukamwosha, tukapaka asali, tukairudisha nyama ndani kwa vidole vilivyopakwa mafuta, mara tatu kabla haijakaa. Siku hizo zilikuwa nzuri. Tereza alijua kupapasa kuku vizuri kuliko mimi, vidole vyake vilikuwa na subira. Nilianza kufikiri kwamba tutakaa hivyo, dada wawili na kuku, na watu watatuzoea.

Kisha akaja yule wa madoadoa. Alikuwa ndiye mtagaji bora, kuku aliyeletwa na Tereza mwenyewe kutoka nyumbani siku ya kuolewa, na kila mtu pale alimwita kuku ya bibi-arusi. Mwanzoni alitaga mayai yasiyo na ganda, ngozi tupu kama kibofu. Kisha akaacha kutaga. Tumbo lake likaning'inia, akawa anatembea ametanua miguu. Nilimpapasa, sikukuta yai, nilikuta tumbo limejaa kama mfuko wa unga wenye maji. Nikajua. Maji ya vuguvugu hayasaidii hapo, wala mafuta, na nilimwambia Tereza ukweli: huyu hatapona, tumchinje asiteseke. Tereza hakutaka. Ni kuku ya bibi-arusi, akasema, nikimchinja mimi watasema nini? Tukangoja, na hilo lilikuwa kosa letu. Wiki zikapita, upanga wa kichwani mwake ukakua ukawa mwekundu kama wa dume, akaanza kuwapanda wenzake. Na siku moja alfajiri alipanda juu ya paa la jiko la Tereza, akanyoosha shingo, akawika. Sauti ilikuwa mbovu, ya kukwaruza, lakini kijiji kizima kilijua ni sauti ya nani na imetoka kwenye paa la nani.

Sikuhitaji kutega sikio kusikia maneno ya barza asubuhi ile, waliyasema ili tusikie. Nilikuwa namenya mihogo, Tereza amekaa nyuma yangu ndani ya moshi. Mzee mmoja alisema kuku jike akiwika, kuna nyumba inataka kufa. Papa Matayo alijibu polepole, kwa kinywa kilekile kilichosifiwa matangani. "Kuku inafuata mwenye iko nayo," akasema. "Ile kuku ilikuya na yeye. Miaka ine, yeye hazae. Sasa kuku yake haitage, inageuka mwanaume. Visenti, unangojea ikuambie mara ngapi?" Visenti aliendelea kusokota kamba ya mtego. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ndio ninaouchukia mpaka leo, maana haukumfaa mtu yeyote ila yeye. Nikasikia Papa Matayo anamalizia, "Kuku ikufe leo. Na bibi arudie kwao Masisi, batafutie Visenti mwingine." Kisha wakahamia kwenye habari za mitego ya nguruwe. Nilimgeukia dada yangu. Alikuwa anakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani.

Nilisimama na kisu cha mihogo mkononi nikaenda barza. Mwanamke haingii barza bila kuitwa, na msichana mgeni hata kivuli chake hakitakiwi kuangukia pale, lakini hasira ilikuwa imenipandisha ngazi zote. Nikasema, "Papa Matayo, samahani. Kuku iko mugonjwa. Iko na ugonjwa ya mayai. Mayai ilianguka mu tumbo, ikaoza. Mahali ya mayai ikikufa, kuku jike inawika kama jogoo. Nimeonaka Kirolirwe. Muipasue hapa, mbele ya wote, mutaona." Walicheka. Mmoja akauliza kama kwetu wasichana ndio wanaopasua kuku. Papa Matayo hakucheka. Alinitazama kidogo, akatazama pembeni, akasema nirudi jikoni. Nimeufikiria mtazamo ule kwa miaka mingi. Wakati ule nilidhani ni dharau.

Walimchinja kabla ya adhuhuri, nyuma ya barza, na kwa kuwa alikuwa kuku wa mkosi hakuna aliyetaka kumla, wakamwacha kwenye majani ili mbwa wamalize. Nikaenda nikamchukua. Nilimbeba kwa miguu, kichwa kikining'inia, nikampitisha katikati ya ua, nikamlaza juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya jiko la Mama Visenti. Wanawake walikuwa pale wanapepeta mpunga, sita au saba, waliofuga kuku tangu wakiwa wasichana wadogo. Nikampasua kwa kisu cha mihogo. Maji ya njano yalimwagika mpaka kwenye miguu yangu, yana harufu ambayo sitaieleza. Ndani kulikuwa na mabonge ya kiini kilichoganda, kikubwa kama ngumi, tabaka juu ya tabaka, kama yai lililochemshwa na kusahauliwa. Nikayatoa moja moja nikayapanga juu ya jani la ndizi. Kisha nikatafuta kishada upande wa kushoto nikawaonyesha: hakikuwa kishada tena, kilikuwa donge moja jeusi, gumu. "Iko hapa," nikawaambia. "Hapa njo mayai inatokeaka. Imeoza. Hakuna mukosi, hakuna dada yangu humu ndani. Muangalie." Walisogea. Mama Visenti aliinama mpaka pua yake ikakaribia, akanyoosha kidole, akagusa donge lile, yeye aliyenikataza chungu chake. "Maskini," akasema. "Alikuwa anabeba hii yote?" Mwanamke mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini kuku wake waliokufa na matumbo makubwa. Kwa muda mfupi, labda muda wa kuwasha moto, niliamini kwamba nimeshinda.

Papa Matayo alikuwa amesimama nyuma yetu. Alitazama jani la ndizi bila kushangaa, akasema, "Ile? Nimeionaka mara mingi." Nikamuuliza mara ngapi. "Mara mingi. Tangu nilianza kuchinja. Iko kuku zenye zinakuwa na ile mu tumbo. Ninatupiaka imbwa." Nikamuuliza, na hapo sauti yangu haikuwa ya heshima tena, kama ameshawahi kuona donge lile jeusi ndani ya kuku aliyewika. Akasema ndiyo, mara mbili. Mara mbili! Na asubuhi ileile, akiwa amekaa kwenye kiti chake na kujua hayo, alisema kuku anamfuata mwenye kuku. "Papa Matayo," nikasema, "juu ya nini haukusema?" Akanijibu bila kupandisha sauti, kama mtu anayeulizwa njia. "Muliniulizaka?"

Nimekutana na watu wabaya maishani, wengine wenye bunduki, na hakuna neno la yeyote kati yao lililoniingia kama hilo. Muliniulizaka. Angeulizwa na nani? Sisi tuliokatazwa kutazama? Mama Visenti alimgeukia mwanawe mdogo, akasema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, "Visenti, umeona. Ilikuwa ugonjwa ya kuku." Na Visenti akafungua kinywa. Lakini kaka yake alikuwa ameshajibu. "Kuku ni kuku," akasema Papa Matayo, "na muntu ni muntu. Habari ya bibi tulishaikata." Asubuhi kuku alikuwa Tereza, na Tereza alikuwa kuku. Mchana, kuku alipoonekana hana hatia, ghafla hawakuwa na undugu wowote. Visenti akafunga kinywa chake. Niliwatupia mbwa mabonge yale mimi mwenyewe, kwa mkono, moja moja, kwa nguvu, na sikulia mpaka nilipofika mtoni kunawa.

Watu ninaowasimulia haya huniuliza kama Tereza alikuja kuzaa baadaye, kwa mwanamume mwingine. Wanataka sana kujua. Siwaambii, na sitaandika hapa. Kama alizaa, mtasema aha, basi walimwonea. Kama hakuzaa, mtasema aha, basi walikuwa na haki kidogo. Walimwonea asubuhi ile, mbele yangu, na mtoto yeyote aliyezaliwa au asiyezaliwa hana la kuongeza.

Walitupa siku mbili. Siku ya pili asubuhi mizigo yetu ilikuwa mlangoni: mikeka miwili, sufuria, vitenge vya Tereza, na ndizi za kuchoma kwa ajili ya njia ya kupanda Masisi. Kuku sita na jogoo walibaki, maana vya nyumba hubaki na nyumba. Nilikuwa nafunga kamba ya mwisho nilipomwona Mama Visenti anavuka ua na kuku wake mwenyewe kifuani, mwekundu, mkia chini, macho nusu. Nilijua kabla hajafika. "Feza," akasema, "anajikaza tangu jana." Alikuwa na haya, hakuniangalia usoni. Na mimi nikamwambia, "Mama, sisi tunaenda. Muzigo iko tayari." Nikaendelea kufunga kamba. Nilitaka kuku yule afe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilitaka afe kifuani mwake, polepole, na yai lake ndani, na wote wamtazame bila kujua la kufanya.

Tereza alimchukua. Alifungua mzigo nilioufunga, akatoa sufuria, akachemsha maji, akaenda kuomba beseni kwa mama wa wanaume waliokuwa wanamfukuza. Akapima kwa kiwiko. Akamkalisha kuku, akakaa naye kwenye jua, mkono mmoja mgongoni, mwingine tumboni, akaanza kumsemesha kwa Kihunde, lugha ya kwetu ambayo pale hakuna aliyeijua. Nilisimama karibu, hasira yangu sasa imemgeukia yeye. Nikamwambia jua linapanda. Nikamwambia hawa watu hawastahili hata mate yetu. Akasema tu, "Kuku hii haikunifukuza, Feza. Niletee mawese." Nikamletea. Nilimletea kama mtu anayetupa. Aliweka kuku kwenye kikapu, akafunika, na tukangoja, sisi watatu, mpaka yai lilipotoka. Tereza alilitoa kwenye majani akalitia mkononi mwa Mama Visenti, bado lina joto, kisha akanawa, akakausha sufuria kwa kitenge chake, akafunga mzigo upya vizuri kuliko nilivyoufunga mimi.

Mama Visenti alitufuata mpaka mwisho wa migomba akiwa bado ameshika yai lile ambalo hakuruhusiwa kulila. Pale akasimama. Alikuwa analia, lakini alichouliza kilikuwa cha mfugaji. "Na kesho, Tereza? Ikikwama tena, nitaita nani?"

Dada yangu aliweka sawa mzigo kichwani. Sijawahi kumsikia akisema kitu kibaya kwa mtu, na sauti yake siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mkwe mwenye adabu anayemjibu mama.

"Papa Matayo iko," akasema. "Mara hii, mumuulize."

Akatangulia njiani, na mimi nikamfuata.